Daladala ubavuni imeandikwa G/Mboto – Makumbusho, konda anatushusha Buguruni. Nauli inakuwaje hapo?

mgeni_wa_songea (Jumatano, saa 7 mchana)

Habari za mchana ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni wa jiji la Dar, nina miezi mitatu tu tangu nitoke Songea, nakaa kwa dada yangu Gongo la Mboto na kazi nimepata jirani na stendi ya Makumbusho, kwa hiyo kila siku naimaliza ile barabara yote, Banana, Jeti, Vingunguti, Tazara, hapo gari linakunja barabara ya Mandela, Buguruni, Tabata, External, Ubungo, Mwenge ndo Makumbusho. Asubuhi nimeshazoea, naamka saa kumi, saa kumi na moja kasoro niko kituoni napata siti nasinzia mpaka Ubungo. Kasheshe ni jioni.

Jana Jumanne nimetoka kazini saa kumi na mbili, stendi nyomi, likaja gari moja ubavuni maandishi makubwa kabisa G/MBOTO – MAKUMBUSHO, mpiga debe anaita Gongo la Mboto Gongo la Mboto, tukagombania, nikapata nafasi ya kusimama. Hatujafika hata Mwenge konda kaanza kuchezesha sarafu mkononi, mbele huko tuandae nauli, nikatoa 1,100 yangu kama kawaida. Foleni ya Ubungo mnaijua, tumekaa pale mpaka miguu inawaka moto. Tunafika Buguruni gari likaingia pembeni, suka, yaani dereva, kazima injini, konda anasema mwisho wa gari jamani tushukeni gari bovu. Watu wakaguna wakashuka, mimi nikabaki namdai nauli yangu, akanipa mia mbili anasema ndo iliyobaki dada nyingine umeshaitumia. Nikatoa mia saba nyingine nikapanda gari linalopita Tazara kwenda mbele, nimefika nyumbani saa tatu na robo usiku. Na kilichoniuma zaidi, wakati nimesimama pale Buguruni nasubiri, lile gari bovu nililiona limeshageuza linapakia watu wa Ubungo!

Hii ni mara ya nne tangu nianze kazi. Nimepiga hesabu, kwa siku 26 za kazi kama kila siku nafika bila kukatishwa ni 57,200 kwa mwezi, kwa mshahara wangu hiyo tu ni hela nyingi. Nikikatishwa kila jioni naongeza mia tano kila siku, yaani 13,000 juu yake, hiyo ni unga wa nyumba nzima na dada ananitegemea nichangie.

Sasa naomba mnieleweshe, je kisheria nina haki ya kurudishiwa nauli au ndo nikubali? Na nauli natakiwa nilipe saa ngapi, maana nikikataa mwanzo konda anakuwa mkali anasema shuka. Halafu kama kuna njia nyingine ya kurudi jioni naombeni mnielekeze kama mnavyomwelekeza mdogo wenu.

---

wa_ukonga_mazizini (Jumatano, saa 8 mchana)

Pole sana mdogo wangu, umeonja mapema. Mimi ruti hiyo naitumia mwaka wa tisa sasa.

Hicho walichokufanyia kinaitwa kukatisha ruti na ni kosa, halina mjadala. Gari limepewa leseni na LATRA, ile mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa njia maalum, ndo maana lina ule mstari wa rangi na maandishi ubavuni, kwa hiyo likiandikwa G/Mboto lazima liende G/Mboto. Gari likiharibika kweli, inatokea, utaratibu ni konda AWAFAULISHE. Shika hilo neno maana ndo silaha yako. Kufaulishwa ni konda anasimamisha gari lingine la ruti hiyohiyo, anaongea na konda mwenzake, anamlipa yeye kwa mkono wake, nyinyi mnahamia huko hamtoi hata mia. Kwa hiyo siku nyingine usiseme "nirudishie nauli yangu", hapo unaanzisha ugomvi wa mia mbili mia tatu, sema tu kwa sauti ya kawaida "konda tufaulishe". Mara nyingi ukisema hivyo na wengine wanaamka wanadakia, tufaulishe, tufaulishe.

Jambo la pili na hili ndo kubwa, USISHUKE. Ukishakanyaga chini umeisha, konda hana kazi na wewe tena. Kaeni ndani. Gari lenye watu ndani haliwezi kupakia wengine, na yeye haraka yake ni kupakia, kila dakika mnayokaa inamuuma yeye kuliko nyinyi. Mkiwa wanne watano mmekaa kimya kwenye siti anafaulisha, nimeona kwa macho yangu si mara moja.

Na andika namba ya gari. Wenzangu wanaona uvivu lakini mimi naandika namba, saa na kituo, napiga LATRA kwenye ile laini yao ya bure, magari mengi yamebandikiwa namba ndani. Usitegemee utarudishiwa mia tisa yako kwa simu, hapana, ila gari moja likilalamikiwa na watu kumi tofauti linaitwa.

---

mama_Careen (Jumatano, saa 8 mchana)

Na tiketi je? Daini tiketi jamani, bila tiketi utathibitisha vipi kama umelipa.

---

wa_ukonga_mazizini (Jumatano, saa 8 na nusu)

Ni kweli dada, kisheria anatakiwa atoe. Lakini tusimdanganye huyu binti, gari la jioni watu wamebanana mpaka mlangoni, konda ananing'inia, konda wa kukukatia tiketi hapo mimi sijakutana naye. Ushahidi wako ni abiria mwenzako uliyelipa naye pamoja. Mwambie jirani "nimetoa elfu moja na mia moja eeh", inasaidia hata kwenye chenji.

---

konda_mstaafu (Jumatano, saa 10 jioni)

Nimesoma nikaona niseme kitu maana nimefanya ukonda miaka sita, minne nikiwa ruti za Makumbusho, mwisho nikaacha nikaingia kwenye ufundi. Sitetei aliyokufanyia, kusema gari bovu halafu unapakia mbele ya macho ya abiria wako ni kukosa utu. Ila ukijua kwa nini wanafanya utajua na namna ya kuwakwepa, ndo msaada wangu huo.

Gari lile si la konda wala la dereva. Lina tajiri, yaani mwenye gari, na tajiri anataka hesabu yake jioni, ile hela yake ya kila siku. Iwe mvua, iwe foleni, iwe msafara umefungiwa barabara saa nzima, hesabu iko palepale, ikitoka hesabu yanatoka mafuta, kinachobaki ndo suka na konda wanagawana, hamna mshahara. Siku ikiwa mbaya mnalala na mia tano mfukoni. Sasa saa kumi na mbili jioni watu wote wanatoka huku wanaenda kule. Nikipakia Makumbusho nikaenda mpaka Gongo la Mboto, na foleni za Ubungo, Buguruni na Tazara, natumia masaa mawili na zaidi, na kurudi narudi na siti tupu maana usiku nani anatoka G/Mboto kwenda Makumbusho? Lakini nikigeuzia Buguruni napata kichwa kingine palepale, yaani safari nyingine, ya watu wa Tabata na Ubungo. Nusu ya safari, nauli nzima. Hiyo ndo hesabu inayokushusha dada, hakuna ubovu wowote.

Sasa dalili zake, ukizijua hukamatwi kirahisi:

Konda anayekusanya nauli mapema sana kabla ya Mwenge, jihadhari. Kwa kawaida tunaanza kukusanya tukishapita Ubungo kwa sababu hapo wengi wanashuka na wengi wanapanda, ukikusanya mapema unachanganya waliolipa na wasiolipa. Anayewahi ana sababu yake.

Msikilize anavyoita. Akiita "Ubungo Buguruni Tazara" na Gongo la Mboto anaitaja mara moja moja, huyo moyo wake uko Buguruni. Mpiga debe usimsikilize kabisa, yeye analipwa kujaza gari, ataita hata Morogoro.

Muulize konda mwenyewe kabla hujakanyaga, na usiulize "linafika G/Mboto?" maana atasema linafika. Uliza "GARI LINALALA WAPI?" Hili swali abiria wengi hawalijui. Kila gari lina pa kulala, kwenye yadi au kwa dereva. Gari linalolala Ukonga, Mombasa hii ya hapa Dar, Pugu, Chanika, kuanzia saa mbili usiku hata ulifukuze halikatishi, linaenda nyumbani kwao! Na konda hajazoea kudanganya swali hilo, atakujibu haraka bila kufikiri. Ukishayajua magari matatu manne yanayolala upande wenu, na konda wake wakakuzoea, wewe ni mwenzao, watakuwekea hata siti.

Halafu angalia kama suka ni wa gari au ni deiwaka. Deiwaka amepewa gari masaa machache apate chochote, huyo hana cha kupoteza, kesho hayupo kwenye gari hilo. Wengi wa kukatisha ni hao.

Kuhusu nauli kulipa mwanzo au mwisho, hakuna konda atakayekubali ulipe kituoni kwako jioni kwenye nyomi, watu wanashuka wanakimbia. Lakini kumwambia "nalipa tukipita Ubungo" kwa upole inakubalika, hasa ukiwa umekaa siti za nyuma au dirishani ambako huwezi kumtoroka. Aliyesimama mlangoni ndo anadaiwa kwanza.

---

Tandale_moja (Jumatano, saa 10 na nusu)

Kaka umeeleza vizuri lakini hesabu ya tajiri si deni la abiria. Mimi nikienda dukani mwenye duka hanipi nusu kilo ya sukari kwa bei ya kilo eti kodi ya fremu imepanda. Tunalipa nauli iliyopangwa. LATRA walipandisha Desemba 2023, ile ya kilomita 0 mpaka 10 ikatoka 500 ikawa 600, 11 mpaka 15 ikatoka 550 ikawa 700, 16 mpaka 20 ikatoka 600 mpaka 800, na tuliambiwa ni kwa sababu ya mafuta na gharama za uendeshaji. Tukalipa hatukugoma. Kwa hiyo gharama zenu zimeshaingizwa mle, na safari tuuziwe nzima.

---

konda_mstaafu (Jumatano, saa 11 jioni)

Nakubaliana na wewe kwa asilimia mia. Nimesema sitetei. Ningekuwa na uwezo ningetaka konda na suka wawe na mkataba na mshahara, hapo kukatisha kungeisha kwenyewe maana mtu hafi kwa hesabu. Vijana wale wanaamka saa tisa usiku wanalala saa tano. Namweleza binti jinsi ilivyo ili asiumie kesho.

---

bibi_harusi_Kinyerezi (Jumatano, saa 11 jioni)

Tumia kugeuza dada! Usisubiri stendi Makumbusho. Nenda kituo cha Sayansi au Bamaga, panda gari linaloingia Makumbusho likiwa linashusha watu, kaa siti yako tulia, likiingia stendi wewe hushuki, unageuza nalo. Utaongeza hela kidogo maana konda anadai na ile ya kuingilia, lakini unakaa mpaka nyumbani, hugombanii, huibiwi simu mlangoni. Na ukiwa umekaa nalo tangu linaingia unasikia wanavyoongea suka na konda wake, kama watakatisha utawasikia wanapanga kabisa, unashuka mapema kabla hujalipa.

---

mgeni_wa_songea (Jumatano, saa 1 jioni)

Asanteni sana, yaani nasoma nikiwa ndani ya gari sasa hivi. Hiyo ya gari linalala wapi sijawahi kuisikia. Nimemuuliza konda wa leo akasema "Tazara" halafu akacheka, sijui ndo ananidanganya.

Na jambo lingine, wiki iliyopita konda alitupa mimi na baba mmoja noti moja ya elfu mbili, anatudai chenji wote, akasema mtagawana huko chini. Yule baba anashuka Jeti mimi naenda mwisho. Ilibidi nishuke naye Jeti tutafute muuza karanga atuchenjie, gari likataka kuniacha. Hiyo nayo ni halali?

---

wa_ukonga_mazizini (Jumatano, saa 1 na nusu usiku)

Gari linalolala Tazara linaishia Tazara mama, amekwambia ukweli huyo. Ukifika kituo cha Ubungo na nauli hujatoa, mwambie unalipia mpaka Tazara tu, usilipe ya mwisho.

Kuhusu chenji tembea na sarafu. Jumapili jioni mimi naenda kwa mwenye duka namwachia elfu kumi ananipa mia mia na mia mbili mbili za wiki nzima, naweka kwenye kikopo mlangoni. Asubuhi natoka na hesabu kamili mkononi, ukitoa hela kamili konda hana neno na wewe. Ukitoa noti ya elfu kumi saa kumi na moja alfajiri unamtafutia konda mkosi na wewe unajitafutia shida, atakwambia chenji baadae halafu ndo utakumbuka umeshashuka.

---

mama_Careen (Jumatano, saa 2 usiku)

Mimi naomba niongezee la wanafunzi maana linaniuma. Mwanangu yuko kidato cha pili, anapanda gari Banana, nauli ya mwanafunzi imepangwa 200. Jioni konda akiona sare anafunga mlango. Mtoto anasimama kituoni toka saa tisa mpaka saa kumi na mbili, gari linapita la tatu la nne wanaambiwa "denti wawili tu", na akipanda haruhusiwi kukaa hata siti ikiwa wazi. Juzi kafika nyumbani saa mbili usiku kalowa na mvua, hajala, anaanza homework saa tatu na saa kumi anaamka tena. Kwa hiyo tukizungumzia kukatisha ruti tukumbuke na hawa ambao hata kupanda hawapandishwi. Mimi sasa nampa 600 ya mtu mzima jioni ili apande, naumia lakini nifanyeje, ni mtoto wa kike na giza limeingia.

---

konda_mstaafu (Jumatano, saa 2 usiku)

Hapo mama naomba radhi kwa niaba ya niliowahi kuwafanyia hivyo. Nilifunga mlango kwa madenti mara nyingi sana. Baadae na mimi nimepata binti, yuko darasa la sita sasa, ndo nimeelewa.

---

Relini_Tabata (Alhamisi, saa 3 asubuhi)

Naona kila mtu anamwelekeza namna ya kupambana na konda, mimi nimwelekeze njia ya kuzunguka maana aliomba.

Dada, toka Makumbusho tembea uelekeo wa mjini, unapita Victoria unafika kituo cha Morocco. Kwa mwendo wa kawaida ni nusu saa hivi, ukichoka daladala zipo nyingi za kipande hicho. Morocco ndo mwanzo wa mabasi ya mwendokasi wa upande huu, kwa hiyo gari linaanzia pale, ukipanga foleni yako vizuri unakaa. Panda la Gerezani, linapita Kinondoni, Magomeni, Jangwani, Fire, mpaka Kariakoo Gerezani. Tangu Desemba 2023 nauli yake ilitoka 650 ikawa 750, unalipa kabla ya kuingia, hamna cha konda kukuuliza njiani wala mtu kukukatisha, gari lina barabara yake. Gerezani ukishuka unatafuta magari ya Gongo la Mboto yanayotokea mjini, yanaenda moja kwa moja barabara ya Nyerere, huigusi Ubungo wala Buguruni. Hapo unatoa 800 kwa makadirio. Jumla 1,550.

Wewe siku ya kukatishwa ulitoa 1,100 ukaongeza 700 ukarudishiwa 200, ni 1,600. Kwa hiyo hata kwa hela umeshinda shilingi hamsini, na muda umeshinda zaidi.

Angalizo moja tu, mvua. Mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji, ile barabara hufungwa pale bondeni kati ya Magomeni na Fire na mabasi hayavuki. Miaka hii imetokea mara nyingi, toka mradi uanze 2016. Kwa hiyo ukiona mawingu mazito mchana usiende Morocco, rudi kwenye ruti yako ya Ubungo.

---

Tandale_moja (Alhamisi, saa 4 asubuhi)

Njia nzuri lakini kila siku 1,550 badala ya 1,100 ni 450 juu, yeye analalamikia mia tano. Itumie siku ambayo huoni gari la kuaminika tu.

---

mzee_wa_Keko (Alhamisi, saa 6 mchana)

Wanangu nimewasoma wote, hamjambo. Mimi nimepanda mabasi ya UDA, yaani shirika la Usafiri Dar es Salaam, toka linaanzishwa 1974, nikapanda yale Ikarusi marefu ya kumbakumba yaliyoungwa katikati, nikapanda magari ya chai maharage mnakaa mnatazamana kama mko mgahawani. Haya ya kugombania nauli si mapya. Mnajua hata jina la daladala limetoka kwenye nauli? Mabasi ya UDA yalikuwa yamepungua sana, mtu unasubiri kituoni mpaka jua linazama, 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, na nauli yao ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano tulikuwa tunaiita dala, kutokana na dola. Konda mlangoni anaita dala dala dala, ndo gari likabaki na jina hilo. Sarafu yenyewe haina kazi tena, jina lipo.

Nilichotaka kumwambia binti ni kuhusu treni. Ile ya mjini ilianza Oktoba 2012, kutoka Stesheni kwenda Ubungo, na nyingine ya Tazara kwenda Mwakanga, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa sababu ndiye alikuwa waziri wa uchukuzi. Baadae ikaja ya Pugu ambayo inapita hukohuko kwenu Gongo la Mboto. Nilikuwa naipanda nikiwa na shughuli zangu mjini, hakuna foleni, hakuna kukatisha, treni haiwezi kugeuzia Buguruni hata ikitaka. Kazi yako ingekuwa Posta ningekwambia usihangaike na kitu kingine. Kwa Makumbusho haikufai, lakini dada yako anaweza kuulizia ratiba pale stesheni kama ana safari za mjini, jioni inawafaa wengi wa upande huo.

---

mgeni_wa_songea (Jumanne, saa 4 usiku)

Shikamoo mzee wangu wa Keko, na salamu kwa wote. Nimerudi kuwapa mrejesho maana mmenisaidia kweli.

Alhamisi na Ijumaa nilienda Bamaga nikageuza. Konda wa Alhamisi alinidai mia tano ya kuingilia, wa Ijumaa mia tatu, nimekaa siti mpaka nyumbani siku zote mbili. Jumamosi nilijaribu Morocco, nimetembea dakika 35, nikakaa, Gerezani nimepata gari la nyumbani baada ya kusubiri kidogo, saa mbili kasorobo niko mlangoni dada akashangaa.

Jana ndo ilikuwa siku yenyewe. Nilichelewa kutoka nikapanda stendi, konda kakusanya nauli mapema kabla ya Mwenge, nikasema tayari. Nikamwambia kaka naomba nilipe tukipita Ubungo, akanuna ila akaniruka. Tumefika Buguruni, gari pembeni, taa zimezimwa, mwisho wa gari. Watu wameanza kuinuka. Mimi moyo unadunda lakini nikasema kwa sauti konda naomba utufaulishe, hawa wameshalipa mpaka Gongo la Mboto. Kimya kama sekunde tano hivi. Halafu mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akarudi akakaa akasema mimi sishuki na samaki wangu tufaulishe. Baba wa nyuma naye akakaa. Tukawa kama kumi na mbili. Konda kafoka, suka akawa anapiga honi sijui ili tuogope, dakika kumi hivi watu wa Ubungo wanagonga mlango wanataka kupanda hawawezi. Mwisho akashuka akasimamisha gari la Chanika akaongea na mwenzake, nimeona anampa noti, tukahamia wote. Mimi ambaye sikuwa nimelipa nikamlipia huyu wa pili kipande changu cha Buguruni mpaka nyumbani, mia saba, basi.

Yule mama wa samaki anashuka Mombasa, kumbe anatokea Ubungo kila siku saa moja na nusu. Ameniambia kuna gari dereva wake anakaa Pugu, linapita Mwenge saa moja na dakika kumi, linalala kwao. Nimelipanda leo. Konda wake kijana mdogo tu, kaniuliza dada utakuwa unapanda kila siku? Nikamwambia kila siku isipokuwa Jumapili.